Mswada uliofia mikononi mwa mabunge mawili: uchambuzi wa mvutano wa mgao wa kaunti, 2019

Tarehe 1 Julai 2019, mwaka mpya wa kifedha ulipoanza nchini Kenya, serikali 47 za kaunti hazikuwa na sheria ya kuzipa hata shilingi moja ya mgao wao wa mapato ya taifa. Serikali ya kitaifa haikuwa na shida hiyo. Matumizi ya wizara na idara zake yalikuwa yameidhinishwa na Bunge la Taifa na kutiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta. Kilichokwama ni mswada mmoja mfupi, wa vifungu vichache na jedwali, unaoitwa Mswada wa Ugavi wa Mapato. Ulikuwa umepita Bunge la Taifa, ukapita Seneti kwa marekebisho, ukaingia kamati ya upatanishi, ukafia humo.

Wakati ule habari ilisimuliwa kama ugomvi wa tabia: maseneta wakaidi, wabunge wachoyo, viongozi wasiopikika katika chungu kimoja. Mimi naona tabia haikuwa na kazi kubwa hapa. Kila upande ulitumia mamlaka uliyopewa na Katiba ya 2010. Kilichoamua mshindi ni jambo ambalo Katiba haikulisema waziwazi: wakati mabunge mawili yanavutana, nani anabaki bila fedha?

Nani hugusa mswada gani

Bunge la Taifa lina wabunge 349: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Seneti ina maseneta 67: 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, wanawake 16 wa kuteuliwa, wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Kila upande una Spika wake. Mwaka 2019 walikuwa Justin Muturi katika Bunge la Taifa na Kenneth Lusaka katika Seneti. Wanaotazama idadi hizi hudhani mshindi anajulikana mapema, 349 dhidi ya 67. Sivyo. Mabunge haya hayachanganyi kura zao kuhusu miswada. Hata ndani ya Seneti, suala linalohusu kaunti likifika kwenye kura, vichwa havihesabiwi: kila kaunti ina kura moja, na anayetaka kushinda lazima apate kaunti 24.

Kenya iliwahi kuwa na Seneti tangu 1963 hadi 1966, ya viti 41, kisha ikaunganishwa na bunge la chini na kusahaulika kwa zaidi ya miongo minne. Iliporejeshwa na Katiba ya 2010 haikukabidhiwa kila sheria ya nchi ili iipitie upya. Ilikabidhiwa kaunti. Mswada usiohusu kaunti hauna haja ya kufika Seneti. Bunge la Taifa linaumaliza peke yake. Unaohusu kaunti lazima upite kote kuwili. Na nani anasema mswada huu unahusu kaunti au hauhusu? Kifungu cha 110 kinataka maspika wote wawili waamue kwa pamoja kabla mswada haujajadiliwa. Swali hilo la mlangoni limezaa kesi zake, ikiwemo ile ya Oktoba 2020 ambapo Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, uamuzi ambao Mahakama ya Rufaa iliubadilisha kwa sehemu mwaka uliofuata. Hicho ni kisa kingine. Katika kisa chetu hakuna aliyebisha kwamba mswada unahusu kaunti, kwa sababu swali hilo lilikuwa limeshajibiwa mwaka 2013.

Mwaka ule, wa kwanza wa ugatuzi, yaani wa serikali za kaunti, Bunge la Taifa lilipitisha shilingi bilioni 210 kwa kaunti, Seneti ikapandisha hadi bilioni 258, na Bunge la Taifa likayapuuza marekebisho hayo na kuupeleka mswada wake wa awali kwa Rais, naye akautia saini. Seneti ikaomba ushauri wa Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Novemba 2013 majaji walio wengi walisema Seneti ina nafasi yake kikatiba katika mswada huo, na kwamba Spika wa Bunge la Taifa alipaswa kufuata njia ya upatanishi. Fedha za mwaka huo zilikuwa zimeshagawanywa, kwa hiyo Seneti ilipata kanuni bila kupata shilingi. Kanuni yenyewe ilikuwa nzito: tangu hapo Bunge la Taifa halikuweza tena kuupita mlango wa Seneti kana kwamba haupo.

Miswada miwili, nguvu mbili

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, nami naomba tusikimbie. Kifungu cha 218 kinataka miswada miwili iletwe bungeni kila mwaka, angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa kifedha kwisha. Wa kwanza, Mswada wa Ugavi wa Mapato, unakata mapato ya taifa vipande viwili: cha serikali ya kitaifa na cha kaunti zote kwa jumla. Wa pili unachukua kipande cha kaunti na kukigawa kati ya kaunti zote 47.

Mswada wa pili Katiba inauita mswada maalumu. Bunge la Taifa likitaka kubadilisha au kukataa kilichopitishwa na Seneti humo, linahitaji theluthi mbili ya wabunge. Mswada wa kwanza ni wa kawaida, na mabunge yako sawa juu yake. Ukiangalia vizuri, Seneti ilipewa nguvu nyingi zaidi pale ambapo kaunti zinagawana zenyewe kwa zenyewe, na nguvu chache pale ambapo kaunti zinashindana na Nairobi, yaani serikali ya kitaifa. Sidhani kama waandishi wa Katiba walikusudia kejeli hiyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Hata hivyo, usawa huo si kitu kidogo. Katiba inasema miswada ya fedha ni ya Bunge la Taifa peke yake, lakini inaitoa wazi miswada hii miwili kwenye fungu hilo. Kule Uingereza, tangu sheria ya 1911, Baraza la Malodi, bunge la pili la huko, likiletewa mswada wa fedha haliwezi kuuchelewesha zaidi ya mwezi mmoja. Baada ya hapo unakwenda kwa Mfalme bila idhini yake. Seneti ya Kenya inaweza kuuchelewesha Mswada wa Ugavi wa Mapato na hata kuuua. Kwenye karatasi, hiyo ni silaha ambayo Malodi hawana.

Safari ya mswada wa bilioni 310

Katika mwaka wa kifedha wa 2018/19 kaunti zilikuwa zimetengewa bilioni 314. Kwa mwaka wa 2019/20 Bunge la Taifa lilipitisha bilioni 310, pungufu ya mwaka uliotangulia. Tume ya Ugavi wa Mapato, ambayo Katiba imeipa kazi ya kupendekeza, ilikuwa imependekeza zaidi ya bilioni 335, nayo Seneti ikaupandisha mswada hadi kiwango hicho.

Tofauti ilikuwa takriban bilioni 25. Ukizigawa kwa kaunti 47, wastani unakuja kama milioni 530 kwa kila kaunti. Wala hoja za Bunge la Taifa na Wizara ya Fedha hazikuwa za kubeza. Makusanyo ya kodi yalikuwa yakipungukia malengo, na sheria yenyewe ya ugavi ina kifungu kinachosema kwamba mapato yakipungua, pengo linabebwa na serikali ya kitaifa, si kaunti. Kwa hiyo kila bilioni inayoahidiwa kaunti ni bilioni ambayo Wizara lazima iitafute hata mwaka ukiwa mbaya. Seneti nayo ilikuwa na jibu: kazi za afya, kilimo na barabara za mashinani zilishahamishiwa kaunti, na gharama zake hazipungui kwa kuwa mamlaka ya kodi haijafikia lengo.

Kuna sakafu ya kikatiba ambayo kaunti hazipaswi kupewa chini yake, asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ungedhani ndiyo ingekuwa kiini cha mjadala, lakini haikusaidia upande wowote. Asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na ukaguzi huo hubaki nyuma kwa miaka, kwa hiyo takwimu zote mbili zilikuwa zimeivuka sakafu kwa mbali sana. Katiba ilinyamaza kati ya sakafu na dari, na humo katikati mlikuwa na bilioni 25 za kugombaniwa.

Taratibu zikafuatwa hatua kwa hatua. Mswada uliorekebishwa na Seneti ulirudi Bunge la Taifa, ambako marekebisho yalikataliwa. Kwa Vifungu vya 112 na 113, hapo maspika wanaunda kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Usawa huo ndio unaofuta ile hesabu ya 349 kwa 67: katika chumba cha upatanishi hakuna mkubwa kwa idadi. Kamati ina siku 30. Ikikubaliana, kauli yake inarudi katika mabunge yote mawili kupigiwa kura bila kuguswa. Bunge moja likiikataa, mswada umeanguka. Ikishindwa kukubaliana ndani ya siku 30, umeanguka vilevile.

Kamati ilishindwa. Bunge la Taifa lilikuwa tayari kusogea hadi kama bilioni 316. Seneti ilishikilia 335. Mswada ukafa.

Mnyororo wa fedha

Ili kuona kwa nini kifo hicho hakikuumiza pande zote sawasawa, fuata njia ya fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali hadi zahanati ya wadi. Kwanza ipite Sheria ya Ugavi wa Mapato. Bila hiyo, mswada wa kugawa fedha kati ya kaunti hauna jumla ya kugawa. Bila huo wa pili, kaunti haiwezi kukamilisha bajeti yake, kwa sababu Kifungu cha 224 kinaifunga bajeti ya kaunti kwenye ugavi uliopitishwa na Bunge. Bajeti isipokamilika, bunge la kaunti halina cha kuidhinisha. Na hata kama lingeidhinisha, Msimamizi wa Bajeti haruhusiwi kukubali fedha zitolewe kwenye Mfuko Mkuu mpaka aridhike kwamba kuna sheria inayoruhusu. Mwishoni mwa mnyororo yupo muuguzi anayengoja mshahara na rafu ya dawa isiyojazwa. Kaunti zina mapato yao ya ndani, ya leseni, maegesho na kodi za ardhi, lakini kwa nyingi kati yao hicho ni kiasi kidogo kisichoweza kubeba mishahara.

Sasa tazama upande wa pili. Bajeti ya serikali ya kitaifa inahitaji sheria ya matumizi, na hiyo ni kazi ya Bunge la Taifa bila Seneti. Likichelewa, Kifungu cha 222 kinaliruhusu kuidhinisha utoaji wa hadi nusu ya makadirio ili serikali isisimame. Mwaka 2019 hata hilo halikuhitajika, maana sheria ya matumizi ilipitishwa ilhali Sheria ya Ugavi wa Mapato haipo. Kwa maneno mengine, Bunge la Taifa lilikata kipande cha serikali ya kitaifa na kukitoa mezani kabla ya kukubaliana keki yote inakatwa wapi.

Hapo ndipo mizani ilipolala. Silaha kubwa ya bunge la pili katika nchi yoyote ni kuchelewesha, na kuchelewesha kunafanya kazi pale tu ambapo anayecheleweshwa anaumia. Julai 2019 kila siku iliyopita bila makubaliano iliziumiza kaunti, ambazo Seneti ilikuwa ikizitetea, wakati wizara za Nairobi zikitumia fedha kama kawaida. Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia; safari hii tembo mmoja alikuwa amesimama juu ya nyasi zake mwenyewe, na mwenzake alijua.

Mwezi huohuo wa Julai magavana, wakiongozwa na mwenyekiti wa Baraza la Magavana Wycliffe Oparanya, waliandamana jijini Nairobi hadi Mahakama ya Juu kuomba ushauri wake. Picha zile zilichekesha baadhi ya watu, kuona magavana wenye misafara ya magari wakitembea kwa miguu barabarani. Lakini ukitafakari, hawakuwa na mlango mwingine. Gavana hana kiti katika bunge lolote kati ya hayo mawili, na seneta anayemwakilisha ndiye huyohuyo ambaye ukali wake wa kujadiliana ulikuwa ukimchelewesha.

Raundi ya pili

Mswada ulioanguka haufufuki, kwa hiyo Bunge la Taifa lilileta mpya, wa bilioni 316.5. Seneti ikaupandisha tena hadi 335. Upatanishi ukaanza upya. Septemba, maseneta wakakubali bilioni 316.5, na Rais akatia saini mwezi huohuo.

Hesabu hii naipenda kwa sababu haina siasa. Kutoka 310 hadi 316.5 Seneti ilipata bilioni 6.5 kati ya zile 25 ilizotaka, karibu robo. Ni wastani wa milioni 138 hivi kwa kaunti, si haba kwa kaunti ndogo. Lakini bilioni hizo zote zilikuwa zimeshaonekana katika mswada mpya wa Bunge la Taifa kabla Seneti haijaugusa. Zilikuwa matunda ya raundi ya kwanza, pale mswada wa kwanza ulipoangushwa. Raundi ya pili, iliyopigwa wakati mwaka wa kifedha umeshaanza na kaunti hazina fedha, haikuongeza hata milioni moja. Seneti ile ile, Katiba ile ile, na hoja hazikubadilika. Kilichobadilika ni kalenda. Kabla ya Julai tishio la kuua mswada lilikuwa na bei. Baada ya Julai lilikuwa bure.

Wapo wanaosema maseneta walipaswa kukubali 316 mapema na kuziokoa kaunti miezi ile. Ukihukumu kwa matokeo ya mwaka mmoja wana haki. Shida ni kwamba mabunge haya hukutana juu ya mswada huu kila mwaka, na bunge linalojulikana kwamba hulegea ikifika Juni halitasikilizwa Machi. Binafsi lawama yangu naielekeza kwingine, kwa Bunge la Taifa kupitisha sheria ya matumizi mapema. Hatua hiyo moja ilibadilisha mazungumzo ya watu wawili wenye haja sawa kuwa mazungumzo ya mwenye shibe na mwenye njaa.

Mahakama iliona hivyohivyo

Ushauri ulioombwa na Baraza la Magavana ulitolewa tarehe 15 Mei 2020, miezi kadhaa baada ya fedha zenyewe kumalizwa kujadiliwa. Mahakama ya Juu haikusema nani alikuwa sahihi kati ya 310 na 335, na ilifanya vyema kutosema. Ilieleza kwamba mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato hayayafungi mabunge, ila lazima yazingatiwe. Uzito wa uamuzi uko kwingine. Kwanza, Bunge la Taifa haliwezi kupitisha sheria ya matumizi kabla ya Sheria ya Ugavi wa Mapato kuwepo. Pili, mvutano ukizidi, kaunti nazo ziruhusiwe kutolewa sehemu ya fedha kutoka Mfuko Mkuu kwa muda, kama ambavyo serikali ya kitaifa huruhusiwa.

Majaji hawakuongeza nguvu ya Seneti kwa kumpa kura zaidi mtu yeyote. Waligusa kilichokuwa kikitendeka wakati wa kungoja, wakazifanya pande zote mbili zingoje kwa hali inayokaribiana. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya busara zaidi katika kisa chote, ingawa ilipewa nafasi ndogo magazetini kuliko maandamano.

Kipimo cha 2024

Mvutano wa 2024 unasaidia kupima hoja hii, kwa sababu safari hii kalenda ilianza ikiwa upande wa Seneti. Sheria ya ugavi ilikuwa imeshatiwa saini na Rais William Ruto, ikizipa kaunti bilioni 400.1. Kisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi, ukaondolewa baada ya maandamano ya vijana ya Juni, serikali ikajikuta na pengo, na Bunge la Taifa likapitisha marekebisho ya kuzishusha kaunti hadi bilioni 380. Seneti ikakataa. Upatanishi ukaishia bilioni 387.425.

Seneti ilitetea bilioni 20.1 ikabaki na 7.425 kati yake, zaidi ya theluthi. Ni afadhali kuliko robo ya 2019, na sababu yake inaeleweka: safari hii upatanishi ungeshindwa, kilichobaki ni sheria ya bilioni 400.1, si utupu. Aliyehitaji makubaliano ni Nairobi.

Lakini mbona Seneti haikukaa tu kimya na kuzishika bilioni zote 400.1? Kwa sababu ya ule mswada wa pili, wa kugawa kati ya kaunti. Rais alikuwa ameurudisha bungeni bila saini, na bila huo mnyororo ulikatika kwenye pete ya pili badala ya ya kwanza. Ndio mswada ambao Seneti ina nguvu kubwa zaidi juu yake, ambao Bunge la Taifa haliwezi kuubadilisha bila theluthi mbili. Nguvu hiyo haikufua dafu, maana kupindua uamuzi wa Rais kunahitaji theluthi mbili katika mabunge yote mawili, na nusu ya kazi hiyo ingefanywa na Bunge la Taifa lililokuwa limeshapiga kura ya bilioni 380.